Mdogo wangu, mrudishe yule mshairi

Mdogo wangu,

Mavazi ya onyesho la wanafunzi wako yamekamilika. Mashuka meupe kumi na mawili, mawili kati yake yana pindo la zambarau, na kanzu nyekundu ya mwaguzi. Juzi jioni nilikuwa nakata kitambaa cha mwisho, nikachukua kitabu cha Mwalimu Nyerere, tafsiri yake ya tamthilia ya Shakespeare ya Juliasi Kaizari, kuhakikisha sijamsahau mtu, ndipo nikaona kwamba kwenye orodha yako Cinna mshairi hayumo. Nikakupigia. Ukasema, dada, onyesho ni refu, tumepewa saa moja na nusu, na kile kipande hakibebi hadithi, watoto wenyewe wanakicheka tu.

Sikukujibu vizuri. Dukani kulikuwa na mteja, na pia kuna jambo sijawahi kukusimulia. Nalisema leo mbele ya watu, kwa kuwa nililifanya mbele ya watu.

Kwa wasiokijua kipande chenyewe: Kaizari, mtawala wa Roma, ameshauawa, rafiki yake Antony ameshahutubia, mji umewaka. Mshairi anatoka nyumbani kwake, anakutana na watu njiani. Wanamwuliza jina, anakwenda wapi, anakaa wapi, ameoa au hajaoa. Anajibu yote kwa ukweli. Jina lake ni Cinna, na mmoja wa waliomwua Kaizari naye anaitwa Cinna. Anawaambia, mimi siye, mimi ni mshairi. Wanasikia vizuri kabisa kwamba siye. Wanamwua hivyo hivyo, na mmoja anasema auawe basi kwa mashairi yake mabaya.

Sasa langu. Miaka mingi imepita. Nilikuwa na kibanda cha cherehani sokoni, nina miezi sita pale, bado naitwa yule dada mgeni. Yowe lilianzia upande wa viazi: mwizi! Ikasemwa mwizi ana shati la bluu. Mbele yetu akapita kijana wa mkokoteni mwenye shati la bluu, anakimbia kwa sababu watu wote walikuwa wanakimbia. Mtu akamtega mguu.

Nilikuwa hatua nne kutoka alipoangukia. Kifungo cha tatu cha shati lile kilikuwa kimeshonwa kwa uzi mweusi, na uzi huo ulikuwa wangu. Wiki mbili kabla alikuja nimtengenezee, uzi wa bluu ulikuwa umeniishia, akasema weka wowote dada, nani ataangalia kifungo. Kwa hiyo nilimjua. Nilijua alikuwa anashusha vitunguu tangu alfajiri, maana alipita kwangu kuninunulia chai. Nami nikapaza sauti pamoja nao. Sikumpiga, mdogo wangu. Nilipaza sauti.

Watu wakisimulia mambo haya husema hasira, hasira za wananchi. Mimi sikuwa na hasira hata chembe. Nilichokuwa nacho ni hofu ya kuulizwa, "Kwani we unamjua?" Pale kumjua kulikuwa na maana moja tu: uko naye. Halafu kuna kitu kingine, kigumu zaidi kukiandika. Mama muuza nyanya, ambaye kwa miezi sita hakuwa ameitikia salamu yangu hata mara moja, aliniegemea begani akichungulia. Kwa muda ule nilikuwa mwenyeji. Na ilinipendeza.

Kijana alipona. Jicho lake la kushoto halikupona. Mwizi alipatikana jioni ile ile, na shati lake halikuwa hata la bluu, lilikuwa la kijani.

Ndiyo maana nakwambia usikikate. Na kicheko cha wanafunzi wako kisikutishe, kwa sababu kipande kimeandikwa kianze kwa kuchekesha. Maswali yale ya kuoa na kutooa ni utani. Sisi pia tulianza kwa kucheka. Kuna mtu aliuliza kwa sauti ya juu kama mkokoteni nao kauiba, watu wakacheka, nami nikacheka, na baada ya hapo ikawa vigumu kurudi nyuma. Waache watazamaji wacheke. Wakiwa bado wanacheka, mtoto aanguke.

Ulikuwa bado mdogo wakati Mahakama ya Rwanda, ile ya kimataifa iliyosikiliza kesi za mauaji ya kimbari, iko hapa Arusha. Baraza la Usalama la Umoja wa Mataifa liliianzisha mwaka 1994, ikafungwa mwisho wa 2015, na kesi zilisikilizwa kwenye majengo ya AICC, kile kituo cha mikutano ya kimataifa, pale pale tunapopita kwenda mjini. Wananchi waliruhusiwa kusikiliza. Nilikwenda mara mbili baada ya tukio la sokoni. Unakaa nyuma ya kioo, unavaa vipokea sauti, unachagua Kiingereza, Kifaransa au Kinyarwanda. Nilikuwa natafuta sura ya muuaji, kama ya kwenye filamu zetu ambako mbaya unamjua tangu anashuka kwenye gari. Niliona wazee wenye miwani wanapanga karatasi zao.

Jean-Paul Akayesu alikuwa mwalimu kama wewe, kisha mkaguzi wa elimu, kisha meya wa Taba, huko Rwanda. Mwezi Septemba 1998 akawa mtu wa kwanza kutiwa hatiani na mahakama ya kimataifa kwa mauaji ya kimbari. Ushahidi ulionyesha kwamba siku za mwanzo aliwazuia wauaji katika eneo lake. Baada ya mkutano wa viongozi tarehe 18 Aprili 1994 akageuka, na mashahidi walimwona amevaa jaketi la kijeshi. Mimi ni fundi nguo, hilo jaketi haliniondoki akilini. Nafikiri siku aliyolivaa alijihisi yuko na wenzake.

Na kwenye vizuizi vya barabarani huko Rwanda watu waliulizwa vitambulisho. Kabila lilikuwa limeandikwa humo tangu enzi za Wabelgiji. Jina lako nani, unakwenda wapi, unakaa wapi. Maswali yale yale ya mshairi.

Usidhani wasanii daima wako upande wa anayepigwa. Simon Bikindi alikuwa mwimbaji mkubwa Rwanda, na hapa hapa Arusha, Desemba 2008, alihukumiwa kifungo cha miaka 15. Si kwa nyimbo zake. Majaji walimtia hatiani kwa maneno aliyoyasema barabarani kwa kipaza sauti, akichochea Watutsi wauawe. Mwambie kijana wako anayecheza Antony habari hii, maana umenisimulia jinsi anavyoshangiliwa mazoezini, na kushangiliwa kunalevya.

Nampenda Mwalimu kwa mambo mengi, lakini kwa hili namheshimu kipekee. Tafsiri yake ya kwanza ya tamthilia hii ilitoka mwaka 1963. Rais yuko madarakani, nchi ina miaka miwili tangu uhuru, naye anakitafutia Kiswahili kisa cha mtawala anayeuawa na rafiki zake. Januari 1964 wanajeshi wake wenyewe wakaasi. Na mwaka 1969, miaka miwili baada ya Azimio la Arusha, akatupa *Mabepari wa Venisi*. Angeweza kusema wafanyabiashara, akachagua mabepari. Mtu anayepima neno hivyo hakukiona kipande cha Cinna kuwa kirefu mno. Punguza hotuba za vita za mwisho, pale pana nafasi.

Ombi jingine, na hapa nasema kama mshonaji wako: watu wanaomzunguka mshairi usiwavishe mashuka. Wavae nguo zao za kila siku, tisheti, khanga, makoti ya bodaboda, na watokee kwenye viti walipokaa wazazi. Mzazi amwone jirani yake akisimama.

Kifurushi nimekipeleka stendi asubuhi hii, kimeondoka na Kosta ya saa nne, kondakta atakupigia akifika Moshi. Mashuka yako chini. Juu kabisa utakuta vazi la bluu ambalo hukuniagiza. Pindo lake nimelitia sindano tu, sijalishona, kwa sababu sijui urefu wa mtoto utakayempa. Mpime, unitumie kwa ujumbe leo usiku.

Dada yako,
Arusha