Ukumbi wa Fitzroy si pambo la picha za harusi

Ndugu Mhariri,

Gazeti lenu nalisoma miaka mingi na sijawahi kuwaandikia, ila makala yenu kuhusu Ukumbi wa Manispaa wa Fitzroy, hapa Melbourne, imeniudhi. Mmesifia nguzo na dari, mkamalizia na habari za kuukodi kwa sherehe. Watu mmewaacha wapi?

Desemba 1972, katika vyumba vya chini vya jengo hilo, mawakili wa kujitolea walianza kuwahudumia wananchi bure, nyakati za jioni. Huduma hiyo ndiyo Fitzroy Legal Service. Mpangaji aliyetishiwa kufukuzwa alikuwa anashuka ngazi, anasikilizwa. Kisha ukaja mwaka 1994. Serikali ya jimbo letu la Victoria, chini ya waziri mkuu wake Jeff Kennett, ikaziunganisha halmashauri za Fitzroy, Collingwood na Richmond kuwa halmashauri moja, Yarra. Madiwani tuliowachagua wakaondolewa, wakaletwa makamishna wa kuteuliwa. Victoria nzima, halmashauri 210 zikapunguzwa hadi 78. Makamishna hata hawakukawia, wakataka kulifunga bwawa la kuogelea la Fitzroy, na ni wakazi waliosimama kidete likasalimika. Hayo hamkuyagusa!

Mwaka jana tulifiwa na jirani yetu, mama mzaliwa wa Uvira. Niliomba ukumbi wa umma, siutaji ni upi, tukae matanga. Nikaambiwa nijaze fomu kwenye mtandao, nilete cheti cha bima, niweke na amana. Matanga yana bima gani jamani? Jibu lilikuja marehemu ameshazikwa. Tulikaa kwenye maegesho ya magari, chini ya maghorofa, upepo unapuliza, akina mama wanamimina chai kutoka kwenye chupa zilizopangwa juu ya boneti ya gari. Wazee walisimama hadi usiku.

Na viongozi wetu wa jumuiya nao wanachangia. Kila jambo wanalimalizia WhatsApp, wakati mzee asiye na simu hana habari. Kumbi zisipoombwa, nani atajua tunazihitaji?

Ninachotaka ni hiki: ukumbi wa Fitzroy ufunguliwe kila Jumanne, saa kumi na mbili jioni hadi saa tatu usiku, bila fomu. Ziwekwe meza mbili, birika la maji ya moto, wakili mmoja na diwani mmoja kwa zamu. Kama kikwazo ni wa kufunga milango, funguo tupeni sisi wakazi, tutapokezana.

Msomaji wenu,
Fitzroy, Melbourne