Mweka hazina wetu anasahau, na wenzetu wameanza kumwita mwizi

Ndugu Mshauri,

Naandika kutoka Magomeni, Dar es Salaam. Mimi ni katibu wa chama kidogo cha wanaume wastaafu. Tunakutana kila Jumamosi ya kwanza ya mwezi, uani kwa mwenzetu mmoja, kuanzia saa nne asubuhi mpaka alasiri. Tunacheza bao na drafti, tunakunywa kahawa, tunakula pilau, tunabishana habari za Simba na Yanga. Kila mtu hutoa shilingi 10,000: nusu ya chakula, nusu ya kuweka kwa ajili ya mgonjwa au msiba. Wengi wetu siku nyingine tukitoka nyumbani ni hospitali au mazishini, kwa hiyo Jumamosi hii tunaithamini sana.

Shida ni mweka hazina wetu. Nitamwita Mhasibu, maana wote ndivyo tunavyomwita. Kazi hiyo aliifanya serikalini mpaka anastaafu, na chama hiki alikianzisha yeye. Kaunta buku lake lilikuwa halina hata mkwaruzo. Miezi ya karibuni anamwambia mtu hajalipa, na fedha aliipokea kwa mkono wake mbele yetu. Anasimulia jambo lile lile mara mbili kabla kahawa haijapoa. Kwenye bao, alikokuwa akitufunga wote, anasimama na kete mkononi hajui zamu ni ya nani. Mwezi uliopita alipotuaga kurudi Kimara alipanda mwendokasi wa upande wa pili, akafika Kivukoni, akakaa kituoni mpaka kijana mmoja akampigia mkewe simu. Njia hiyo anaipita tangu mabasi hayo yaanze mwaka 2016.

Sasa orodha yangu na daftari lake vinapishana, na maneno yameanza. Wanaosema zaidi ni waliostaafu mwishoni mwa 2022 na mwaka 2023, na siwalaumu sana. Sisi tuliotangulia, tuliokuwa kwenye mifuko ya pensheni ya PSPF na LAPF, tulipata mkupuo wa asilimia 50 ya mafao. Wao kikokotoo, yaani kanuni ya kukokotoa mafao iliyoanza Julai 2022, kiliwapa 33. Mtu aliyepanga kumalizia nyumba ikaishia kwenye lenta, elfu kumi yake haiwezi kupotea akanyamaza. Mmoja wao ametamka mbele ya watu kwamba Mhasibu "anakula", na anataka mkutano ujao daftari lisomwe mstari kwa mstari.

Mimi nasema mzee huyu si mwizi. Daftari analileta mwenyewe kila mwezi ndani ya bahasha ya kaki na kutuomba tulikague. Naamini ni mgonjwa. Muuguzi mmoja wa ukoo wetu amenieleza kwamba usahaulifu wa uzeeni usipuuzwe, maana wakati mwingine chanzo chake kinatibika: matatizo ya tezi ya shingo, upungufu wa vitamini B12, hata sonona. Kadi yake ya bima ya afya ya mstaafu bado inafanya kazi, yeye na mkewe. Amekosa tu mtu wa kumwambia aende akapimwe.

Hapo ndipo ninapokwama. Amenizidi umri, namwita kaka, na nilipofiwa na mke wangu yeye ndiye aliyekuwa akija kukaa nami kila jioni. Nikimwambia, "Kaka, unasahau," naogopa atajifungia ndani asije tena, na upweke utammaliza upesi zaidi. Shemeji naye ni mtu wa staha sana; tulipomuuliza habari ya Kivukoni alijibu kwamba mzee alikuwa amechoka tu. Mtoto wao mkubwa yuko Mwanza na namba yake ninayo, lakini kumpigia mtoto kabla ya kuzungumza na mama yake naona ni kumvunjia mama heshima.

Mwenyekiti anashauri michango tuihamishie M-Koba, huduma ya simu ya kuweka fedha za kikundi, ambako fedha haitoki mpaka wengine waidhinishe. Mhasibu angebaki na cheo chake na kaunta buku lake, ila fedha asiishike. Wazo hili nalipenda. Lakini mlalamikaji atauliza za nyuma ziko wapi, na jibu la kweli ni ugonjwa wa mtu, ambao si wangu kuutangaza. Pengo lenyewe mimi na mwenyekiti tunaweza kulijaza. Tukilijaza kimya kimya, jina la wizi linabaki pale pale juu ya kichwa cha mtu safi.

Mkutano ni Jumamosi ya wiki ijayo. Naomba unishauri: nianze na yeye mwenyewe au na shemeji, na nimwambie maneno gani? Yule anayedai daftari lisomwe, nimwite pembeni kabla ya siku hiyo nimweleze ninachokishuku, au nitakuwa nimetoa siri ya mwenzangu? Wasomaji waliowahi kuuguza mzazi mwenye hali hii nao naomba wanieleze walivyomshawishi kwenda hospitali.

Wako,
Katibu, Magomeni