Siku ya kwanza mama alikaa kwenye kiti tu, mbona mmechukua hela?

Wiki iliyopita dada mmoja kanitumia meseji ndefu WhatsApp, kakasirika kwelikweli. Kamlipia mama yake wa miaka 67 siku ya kwanza ya yoga hapa kwetu Mikocheni, Dar, shilingi 30,000, halafu mama karudi nyumbani kasema alikaa kwenye kiti, akaulizwa maswali, akasimama akakaa mara kadhaa, basi. "Hiyo yoga gani, si wizi huo?" Tuliongea kwa simu tukaelewana nusu, na kwa kuwa hii si mara ya kwanza wala ya tano kuambiwa hivi, naomba nieleze hapa.

Kile kiti ndo kazi yenyewe. Mtu mzima anayeanza yoga, kitu cha kwanza naangalia anavyonyanyuka: anajisukuma kwa mikono? goti moja linaingia ndani? akishasimama anashika meza kwanza sekunde mbili tatu? Hiyo ya kushika meza huwa inanishtua, maana wengi wa umri huo wako kwenye dawa za presha, na zipo dawa ambazo ukinyanyuka ghafla damu inachelewa kufika kichwani, unaona giza, unaanguka. Na sisi kwenye yoga muda wote ni kulala chini na kunyanyuka. Huyo namfundisha ageukie ubavu kwanza, akae, avute pumzi tano taratibu, ndo asimame huku kashika kiti. Siku nzima inaweza kuisha kwenye hilo moja na sioni aibu kuilipisha.

Halafu maswali. Presha, sukari, mifupa, operesheni, watu wanaelewa, ila nikiuliza macho wanashangaa. Mwenye presha ya macho hatakiwi kuweka kichwa chini, kwa sababu mkao huo unapandisha presha ndani ya jicho, na si kusimama kwa kichwa peke yake, hata ule mkao wa viganja na miguu chini makalio juu ambao karibu kila video inaanza nao. Mwenye mifupa iliyodhoofika simkunji mgongo kwenda mbele wala simzungushi kiuno kwa nguvu, pingili inaweza kupasuka. Mwenye sukari namkagua nyayo, maana tunafanya peku na mguu uliokufa ganzi unaweza kuwa na kidonda mwenyewe hajui.

Sasa watu wanaruka hatua hii ili kuokoa hela, wanaanza na YouTube sebuleni au wanamleta mzazi moja kwa moja kwenye klasi ya jioni ya vijana kwa sababu ni 10,000. Nilimpata mzee mmoja mstaafu, mtu wa bidii sana, alijifunza mwenyewe kwenye tailizi akiwa na soksi. Akataka kukaa ule mkao wa kupandisha nyayo juu ya mapaja kama kwenye picha, nyonga zimekaza, akawa anavuta mguu kwa mikono kila asubuhi. Nyonga isipozunguka, goti ndo linalipia. Gegedu la goti likachanika, miezi minne anaenda fizio (tiba ya mazoezi ya viungo), na kila safari moja ya fizio ilimla zaidi ya ile 30,000 yangu. Alipokuja kwangu tulianza na kiti kilekile.

Na usidhani nina fomula moja ya wazee wote. Nina babu anayeswali swala tano tangu utoto, anakaa tahiyatu bila shida, vifundo vyake vya miguu vinanishinda hata mimi. Nina bibi wa miaka 72 aliyekaa kwenye mbuzi akikuna nazi maisha yake yote, nyonga ziko wazi kabisa ila mikono akiinyanyua juu haipiti masikio. Hawa wawili nikiwapa zoezi moja nitaumiza mmoja wao.

Kuhusu bei, hiyo 30,000 ni saa moja na nusu, mtu mmoja na mimi, na kila kitu naandika kwenye daftari lake. Baada ya hapo klasi ya wazee ni 15,000, watu sita tu, na msaidizi wangu anasimama nyuma yao muda wote kwenye mazoezi ya kusimama mguu mmoja. Sita wakiwa kumi na mbili bei itashuka, ila mtu akiyumba hakuna wa kumdaka, kwahiyo sishushi.

Vifaa msinunue. Leteni khanga kuukuu, tunaitumia kama mkanda wa kuvutia mguu, blanketi la kukunja chini ya goti, ukuta ninao. Kuna wanaoona kiti na mkanda ni vya wavivu, lakini B.K.S. Iyengar, mwalimu wa India aliyefariki 2014 akiwa na miaka 95, ndo aliyeeneza sana kutumia vitu hivi. Na usibane pumzi, kubana kunapandisha presha. Ukisikia nyama inavutika endelea, ukisikia kinachoma ndani ya kiungo acha hapohapo na uniambie, usinionee haya.

Dada, mama yako siku ile alishika meza mara tatu. Nimeshamwambia apimwe presha akiwa amekaa na akiwa amesimama, naomba umpeleke wiki hii kabla ya klasi. Jumamosi saa 12 na nusu asubuhi nafasi yake ipo, aje na dawa zake zote kwenye mfuko.