Kwa wanangu wa kikundi, kuhusu jina mnaloligombania

Wanangu,

Ugomvi wenu umenifikia. Mwenzenu kasema kwenye kicheni pati, mbele ya kadamnasi, kwamba yeye si mfeministi, yaani si wa hao wanaojiita watetezi wa haki za wanawake. Sasa wapo wanaotaka atolewe kikundini, na mmeniuliza nasemaje.

Nianze na yeye. Mwanangu, kama umelikataa jina baada ya kufikiri, sina neno. Kama umelikataa kwa kuogopa kuambiwa hutaolewa, hapo tuongee. Sisi tuliitwa "wa Beijing", tangu ule mkutano wa dunia wa wanawake wa 1995 kule Beijing, China, ambao Mama Gertrude Mongella wa Ukerewe alikuwa katibu mkuu wake. Ukiuliza mshahara umekwenda wapi: Beijing. Chakula kikichelewa: Beijing hiyo! Na wengi wetu hata pasipoti hatukuwa nayo. Ukilikwepa hili la leo, watakutafutia jingine.

Tena haki unazozitumia hazikuokotwa. Kabla ya 1983 majaji wetu waligawanyika: wapo waliosema kupika, kufua na kulea ni wajibu wa mke tu, haviingii kwenye hesabu ya mali ya ndoa. Ikaja rufaa ya Bi Hawa Mohamed, aliyeachika na kudai mgawo wa mali ya ndoa. Mahakama ya Rufani, chini ya Jaji Mkuu Nyalali, ikasoma kifungu cha 114 cha Sheria ya Ndoa ya 1971 na kuamua kwamba kazi za nyumbani ni mchango. Bi Hawa mwenyewe, maskini, hakuambulia mgawo. Mahakama iliona fedha alizopewa na mumewe alizitapanya, ikahesabu kwamba fungu lake keshalipata. Ila mwanamke anayedai mgawo leo bila risiti hata moja ya saruji anasimama juu ya kesi ile.

Sasa nyie wenye jina. Mnapimana kwa hijabu, kwa wigi, kwa nani kapiga magoti kumsalimia mkwewe. Upuuzi. Huyo mnayetaka kumtoa ndiye aliyekaa kituo cha polisi hadi usiku na binti wa jirani, dawati la jinsia, akihangaikia PF3, ile fomu ya polisi ya kupelekea hospitali aliyeumizwa, kisha akamsindikiza hospitali. Wengine mlituma emoji za kulia kwenye grupu, mkalala.

Mimi najiita mfeministi. Nimeanza uzeeni, baada ya kuchoka kusema "mimi si mfeministi, lakini…" halafu kudai yaleyale. Hiyo ni hiari yangu. Sikuwahi kuifanya kiingilio cha mtu kukaa na mimi.

Jumamosi mkikutana, mwenzenu awepo, na hisa zake alizoweka kikundini zisiguswe. Mada ya ufeministi iwekeni kando kwanza. Kila aliyeolewa aje na nakala ya hati au mkataba wa mauziano wa kile kiwanja anachokiita "chetu", tusome limeandikwa jina la nani.

Shangazi yenu