Unataka MINI au Beetle lililotumika? Lilaze kwetu usiku mmoja kabla hujalipa

Sisi ni mafundi wa gereji hapa Mtwara, na tunakagua magari kabla mtu hajayanunua. Malalamiko haya kuhusu bei ya ukaguzi tumeyasikia mpaka tumeona tuyajibu kwa maandishi: "Fundi, umeniangalizia gari tu, hujafungua hata bolti moja, halafu unataka elfu themanini?"

Kila msimu wa korosho malipo yanapoanza kuingia, watu wa Newala, Tandahimba, Masasi na hapa Mtwara mjini hununua magari. Miaka hii wengi, hasa vijana na akina dada wa maofisini, wanataka vigari vidogo vyenye sura ya kizamani: MINI Cooper, Volkswagen New Beetle, mara mojamoja Nissan March Bolero au Daihatsu Mira Gino. Ni magari mazuri na tunayapenda. Lakini hayo mawili ya kwanza ndiyo yanayotuletea ugomvi na wateja, na ugomvi wenyewe huwa umeanza siku ya kununua, kabla sisi hatujaliona gari.

Kuna dada mmoja, mteja wetu tunayemheshimu, anasema mjini kwamba tumempiga hela. Alitutumia sauti kwa WhatsApp akiwa Dar es Salaam: "Fundi, hebu sikiliza injini, si iko poa?" Tukamjibu kuwa sauti ya simu haitoshi, aombe gari lizimwe mpaka kesho yake, aende alfajiri akaliwashe mwenyewe. Dalali akamwambia kuna mteja mwingine yuko njiani na hela mkononi. Akalipa. Ilikuwa MINI ya 2008, nyekundu, paa jeupe, namba D, bodi safi kwelikweli. Ikaja hadi Mtwara kwa magurudumu yake, zaidi ya kilomita mia tano, bila kusumbua.

Baada ya muda ikaanza kupiga kelele asubuhi, sekunde chache tu inapowashwa, kama sarafu zinazotikiswa ndani ya kopo, kisha kimya. Kwa kuwa kelele ilikuwa inaondoka yenyewe, akaendelea nayo. Ilipofika kwetu ilikuwa inavutwa. Dipstiki ilitoka kavu. Tuliposhusha sampu, lile bakuli la oili chini ya injini, tukakuta vipande vya plastiki vya kahawia, vimevunjika vidogovidogo, vimelala kwenye oili nyeusi iliyobaki. Hizo ndizo plastiki zinazoongoza taimingi cheni, mnyororo unaofanya valvu na pistoni ziende kwa zamu. Cheni ilikuwa imeruka, valvu zikagonga pistoni. Bili ilikuwa kubwa, hatukatai. Kila spea tulimwekea mezani, ya zamani na mpya, akaziona kwa macho yake.

Sasa, ule ukaguzi wa elfu themanini ungeona nini? Ungeona hilohilo, mapema.

MINI zilizotoka kuanzia mwishoni mwa 2006 zina injini ambayo BMW waliitengeneza pamoja na Peugeot-Citroën. Cheni yake inakazwa na tenshena inayosukumwa na presha ya oili. Injini hizi, hasa ile ya Cooper S yenye turbo, zinajulikana kula oili. Mwenye gari akikaa akisubiri taa ya oili iwake, amechelewa. Oili ikipungua presha inashuka, cheni inalegea, plastiki zinapigwa mpaka zinakatika. Kelele yake husikika injini ikiwa baridi kabisa, gari likiwa limelala usiku kucha. Ikishapata moto, inanyamaza. Ndiyo maana muuzaji anayejua anachouza huwa ameshaliwasha kabla hujafika. Ukifika kuangalia gari, weka kiganja juu ya boneti kabla hata ya kusalimiana na dalali. Boneti likiwa la moto, ahirisha mpaka kesho.

Hapo ndipo linatoka sharti letu kwamba gari lije jioni na lilale gerejini. Wauzaji wengine wanakasirika, wanasema tunawatilia shaka. Mmoja aliondoka na gari lake usiku huohuo baada ya kuambiwa tutaliwasha saa kumi na mbili asubuhi mbele ya mnunuzi. Mnunuzi alitulaumu kwa kumkosesha gari. Sisi tulifurahi kwa niaba yake.

Jambo jingine linalowapoteza watu ni sura. Wazee wetu huku wanaikumbuka Volkswagen ya zamani, injini iko nyuma, inapozwa kwa hewa, haina hata rejeta. Fundi aliimaliza kuitengeneza chini ya mwembe kwa spana chache. Ile ilitengenezwa hadi 2003, ya mwisho ikatoka kiwanda cha Puebla, Meksiko, na jumla yake ilipita milioni 21. New Beetle iliyoanza kutengenezwa 1997 kiwandani hapohapo imeazima umbo tu. Chini ya bodi ni Golf ya kizazi cha nne: injini mbele, inapozwa kwa maji, ina taimingi belti na kompyuta. MINI nayo ni hivyohivyo. Ile ya Alec Issigonis ilianza 1959 ikakoma mwaka 2000. Hii ya BMW inayotengenezwa Oxford tangu 2001 ni gari jingine kabisa.

Mzee mmoja wa Mikindani alimnunulia bintiye New Beetle. Katika ujana wake alikuwa na ile ya zamani, akatuletea hii akitaka tubadilishe oili tu, basi. Tulipomwambia tunataka kuona belti, akasema, "Wanangu, Volkswagen haina maji, haina belti ya ndani, mimi nimeiendesha." Hatukubishana naye. Tulifungua kifuniko cha juu, tukamwita na tochi. Belti ilikuwa na nyufa upana mzima, kingo zimeanza kuchanika nyuzi. Alisimama akaiangalia kwa muda, akasema tufanye inavyotakiwa. Tukabadilisha belti, tenshena, na wota pampu pamoja, kwa sababu pampu za miaka ile mara nyingi zina feni ya plastiki inayopasuka, na kuifikia baadaye ni kufungua kazi ileile upya. Gari la binti yule bado linatembea.

Tukirudi kwenye ukaguzi: gari likishawashwa baridi, tunachomeka mashine ya kusoma kompyuta ya gari. Wengi wanadhani hapa ndipo kuna kazi yote, na siku hizi kijana yeyote ana kikompyuta cha bei ndogo. Lakini hicho kikompyuta dalali naye anacho, na kinafuta makosa yaliyorekodiwa na gari kwa kubonyeza mara moja. Sisi tunaangalia kitu cha zaidi. Gari likifutwa kumbukumbu, vipimo vyake vya ndani vinarudi kuwa "havijakamilika" mpaka litembezwe safari kadhaa. Gari la mtu anayelitumia kila siku likionyesha vipimo vyote havijakamilika, huenda kuna mtu amefuta kitu jana au leo asubuhi. Tunaangalia pia taa ya injini kwenye dashibodi: ukifungua swichi lazima iwake kwanza, kisha izime injini ikishawaka. Isipowaka kabisa, huenda kuna mtu ameiondoa au ameiziba.

Kisha tunalitoa barabarani hadi Mikindani na kurudi, maana gia boksi husema ukweli likiwa la moto. MINI Cooper za otomatiki za toleo la kwanza la BMW, zile zisizo S, zina gia boksi la CVT, lisilo na gia za hatua, lenye mkanda wa chuma ndani. Likichoka, gari linatetemeka linapoanza kuondoka, au linachelewa kushika rivasi. Likiwa baridi unaweza usihisi kitu. New Beetle ya otomatiki hatuna haja ya kuisemea mengi: haina dipstiki ya gia boksi, kiasi cha oili kinapimwa kwa chini na kwa joto maalumu, kwa hiyo fundi aliyekuongezea oili nyekundu yoyote kwa kukadiria amekuharibia.

Chini ya gari tunatafuta kutu. Magari yaliyotumika Japani kaskazini hupita kwenye barabara za theluji zinazomwagwa chumvi, na huku kwetu yakiegeshwa Shangani karibu na bahari kutu hiyo haipumziki. Tunavuta mikanda ya viti mpaka mwisho kutafuta mstari wa tope, dalili ya gari lililolala majini. Tunalinganisha namba ya chesisi kwenye kadi ya gari na iliyogongwa kwenye bodi, na jina la kwenye kadi na la anayepokea hela. Kama kuna karatasi ya mnada wa Japani, ilete. Ikiwa na daraja la R, gari limewahi kugongwa na kutengenezwa, na bei lazima iseme hivyo.

Ukitoka hapo unapewa karatasi iliyoandikwa na kusainiwa, yenye kila tulichokiona na makadirio ya matengenezo. Wateja wetu wengi wameitumia karatasi hiyo kupunguziwa bei kwa kiasi kinachozidi gharama ya ukaguzi wenyewe. Elfu themanini inalipa fundi wa jioni, fundi wa asubuhi, mafuta ya kwenda Mikindani, na mashine inayosoma MINI na Volkswagen kwa undani, ambayo tunailipia kila mwaka ili iendelee kufanya kazi. Bei hii hatuipunguzi, hata kwa jirani.

Tunalaumiwa pia kwa bei ya cheni. Tunaambiwa, "Kuna fundi pale amesema anafanya kwa nusu." Inawezekana. Kwenye injini ile ya MINI, gia za kamshafti (shafti zinazofungua valvu) na ya kranki (shafti inayozungushwa na pistoni) hazina kii, kile kipande cha chuma cha kuzishikilia zisiteleze. Zinakaa kwa mkazo wa bolti peke yake, na bolti hizo zikishafunguliwa hazirudishwi, unaweka mpya. Kamshafti lazima zifungwe na vifaa vyake maalumu kabla hujagusa chochote. Tulipokea MINI moja iliyofanyiwa kazi hiyo kwa kuweka alama za tipeksi kwenye cheni. Alama zilikuwa zimekaa sawa, nzuri kabisa kutazama. Ila kranki ilishajizungusha kidogo wakati bolti inakazwa, injini ikawa inamisi haina nguvu, na mwenyewe alikuwa amebadilishiwa plagi, koili na pampu ya mafuta bure. Alilipa cheni mara mbili, na vitu vitatu ambavyo havikuwa vibovu.

Thamostati nayo, ile inayodhibiti joto la maji ya injini. Ukiona MINI inachemsha, tafadhali usikubali ing'olewe "ili maji yapite vizuri". Kwenye injini hizi thamostati inaongozwa na kompyuta. Ukiitoa, taa inawaka, injini haifiki joto lake, na mafuta yanaliwa. Mara nyingi kinachovuja ni nyumba ya thamostati yenyewe, ya plastiki, inadondosha taratibu juu ya gia boksi ambako huoni. Inabadilishwa, inajazwa kulanti (maji maalumu ya kupozea injini), hewa inatolewa, kazi imekwisha. Maji ya bomba tunayakuta kila wiki, na kutu yake ndani ya mipira.

Spea nyingi zinatoka Dar es Salaam kwa basi. Mei 2024 mvua za Kimbunga Hidaya zilipokata barabara maeneo ya Somanga, kuna wateja walisubiri sana na wakatukasirikia. Mwenye MINI aliye Mtwara ajipange kwa hilo. MINI nyingi hazina hata tairi la akiba, kwa hiyo anayekwenda Newala anunue la kubeba. Kama bajeti yako ni gari na hakuna cha kubaki, tutakushauri waziwazi uchukue March Bolero. Nayo cheni yake hulegea oili isipobadilishwa kwa wakati, lakini spea zake ni nafuu na mafundi wengi huku wanaijua.

Gari la ukaguzi lifike kabla ya saa kumi na mbili jioni, Jumatatu hadi Ijumaa, likiwa na kadi yake na mafuta angalau robo tangi. Funguo zinabaki kwetu. Mnunuzi na muuzaji wote wawili waje asubuhi saa kumi na mbili, kwa sababu hatuliwashi mpaka mnunuzi awe amesimama pale mbele ya boneti.