Salamu za shukrani kwa wote waliotushika mkono katika ugonjwa wa binti yetu

Bismillahi Rahmani Rahim. Assalamu alaykum warahmatullahi wabarakatuh.

Sisi wanafamilia wa Korogwe, pamoja na wakwe zetu wa Pangani, tunamshukuru Mwenyezi Mungu, Mola wa viumbe vyote, aliyeturejeshea binti yetu akiwa hai baada ya siku 41 za kulazwa, na akatupa mjukuu wa kike ambaye alipopimwa kliniki wiki iliyopita alifikisha kilo 3 na gramu 100. Mtume wetu, rehema na amani zimshukie, alitufundisha kwamba asiyewashukuru watu hamshukuru Mwenyezi Mungu, na kwa hiyo tumeona haitufai kunyamaza, ingawa kila tulipokaa kuandika majina yenu tulishindwa kufika mwisho.

Wengi wenu mlichanga mkiwa mmesikia tu kwamba mtoto wetu anaumwa sana na amepelekwa Muhimbili, na mna haki ya kujua fedha zenu zilipigana na nini. Alikuwa na mimba yake ya kwanza, ya wiki 33. Kwa siku kadhaa alilalamika kwamba kichwa kinamuuma bila kutulia na macho yanaona ukungu, miguu na uso vikiwa vimevimba, na mahali alipokwenda kwanza alipewa dawa za maumivu akaambiwa akapumzike, presha yake haikupimwa. Usiku wa Jumatano alianguka ukumbini, mwili ukamkakamaa na kutetemeka, akaung'ata ulimi. Walikuwepo waliosema ni mashetani. Madaktari walitueleza kuwa ni kifafa cha mimba, ambacho hutokana na shinikizo la damu linalopanda wakati wa ujauzito, na kwamba hakuna njia ya kuuondoa ugonjwa ule ila mtoto atolewe. Tunalisema hili hadharani kwa ajili ya mabinti wengine: mjamzito akiumwa kichwa kisichotulia, familia yake isikubali arudi nyumbani bila kupimwa presha.

Mtoto alitolewa kwa upasuaji usiku uleule akiwa na kilo 1 na gramu 600, akalia. Mama yake hakuamka, na kulipokucha tukaambiwa kuwa figo zake zimesimama. Alhamisi alipakiwa kwenye gari la wagonjwa kupelekwa Dar es Salaam, mama yake mzazi akiwa amemshika mkono njia nzima, kutoka Segera hadi Chalinze na Kibaha, huku kichanga kikibaki Korogwe kifuani mwa bibi yake mzaa baba, kimefungwa kwa kanga, ngozi kwa ngozi, kama wauguzi walivyomwelekeza.

Kuanzia siku hiyo maisha yetu yalihamia kwenye mfuko mmoja wa plastiki. Ulikuwa umening'inizwa ubavuni mwa kitanda katika chumba cha wagonjwa mahututi, mfuko wa mkojo wenye alama za kipimo, na kila tuliporuhusiwa kuingia tuliutazama mfuko kwanza, ndipo tukamtazama mgonjwa usoni. Ulikuwa mkavu. Damu yake ilikuwa ikisafishwa kwa mashine kupitia mpira uliowekwa shingoni, Jumatatu, Jumatano na Ijumaa, kwa muda wa saa nne kila mara, na kila mara moja ilitugharimu shilingi 200,000 kabla ya dawa, vipimo na kitanda. Daktari alitwambia kwa upole kwamba figo zilizosimama kwa namna ile mara nyingi huamka, ila hakuna awezaye kutaja siku, na kazi yetu ni kuhakikisha mashine haikosi hata mara moja. Wiki ya kwanza mume wake aliuza pikipiki aliyokuwa akiifanyia kazi ya bodaboda. Wiki ya pili mzee wetu aliuza ng'ombe wawili. Ilipofika Alhamisi ya wiki hiyo, mjomba wa mgonjwa aliyekuwa mshika fedha alihesabu alichobaki nacho mfukoni, akakuta shilingi 14,500, na kesho yake ni Ijumaa.

Usiku huo hatutausahau. Imamu wetu alisimama baada ya sala ya Isha akaieleza jamaa hali ilivyo, na nusu saa haikupita simu ya mjomba ikaanza kulia. Wa kwanza kabisa katika daftari lake ni mama anayeuza vitumbua stendi, shilingi 2,000, naye alipiga simu kuomba radhi kwamba ni kidogo. Akafuata fundi cherehani, 5,000. Akafuata mwanafunzi wa madrasa aliyetuma 500 kwa simu ya kaka yake. Wakafuata vijana wa kijiwe cha bodaboda, ambao walikuwa wamekubaliana kila mmoja atoe hesabu ya siku nzima. Mpaka saa sita za usiku zilikuwa zimefika shilingi 640,000, na mjomba, mtu tuliyemjua miaka yote kwa ukavu wa macho, alikuwa akiandika huku kurasa zikilowa. Ijumaa mashine haikukosa, wala haikukosa tena hata siku moja.

Siku ya 23, kabla ya jua kuchomoza, muuguzi aliyekuwa anamaliza zamu ya usiku alitupigia simu akasema, "Njooni muone." Chini ya mfuko ule palikuwa na mkojo, rangi yake kama chai ya rangi iliyokolea, mililita 40 kwa alama za mfuko, kiasi cha kikombe kimoja cha kahawa. Mzee wetu alisujudu palepale koridoni, watu wakipita. Kesho yake ulikuwa mililita 200, na baada ya wiki moja madaktari waliuondoa mpira shingoni. Alhamdulillahi Rabbil alamin.

Muuguzi huyo hakuishia hapo. Kwa siku zote ambazo binti yetu hakuwa na fahamu alimchana nywele, akamsemesha kwa jina, na alipozinduka akawa mtu wa kwanza kumwonyesha picha ya mwanawe kwenye simu. Mtoto amepewa jina lake. Mama wa Magomeni, ambaye hakuwa ndugu yetu wala hatukuwahi kuonana naye, aliwalaza watu wetu wanne sebuleni kwake kwa siku 41 bila kukubali kodi, akiwapikia uji wa mgonjwa kila alfajiri. Shangazi wa mtoto, aliyekuwa na kichanga chake cha miezi minne, baada ya kupimwa na kuruhusiwa na wahudumu alimnyonyesha mtoto wetu pamoja na wake, na sasa watoto hao ni ndugu wa kunyonya mpaka Siku ya Kiyama. Bibi mzaa baba alilala amekaa kwenye kiti kwa siku 19 ili mtoto asitoke kifuani. Kwa hawa wanne hatuna neno linalotosha, Mwenyezi Mungu ndiye atakayewalipa.

Tunawashukuru pia madaktari, wauguzi na watu wa maabara wa Korogwe na wa Muhimbili; ofisa ustawi wa jamii aliyetufanyia mpango wa kulipa kidogo kidogo; dereva wa gari la wagonjwa; vijana tisa waliojitolea damu; imamu, maustadhi na wanafunzi wa madrasa kwa dua na khitma; majirani zetu Wakristo waliosali rozari kwa ajili yake na kuleta unga na mkaa; kikoba cha akina mama; walimu wenzake binti yetu; wafanyakazi wa mashamba ya mkonge; mwenyekiti wa mtaa; wauza samaki wa Pangani; ndugu zetu walioko Muscat na Mombasa; na kijiwe cha bodaboda, ambao hadi leo wanampa mume wake pikipiki kwa zamu ili asikose riziki.

Tunajua wapo tuliowasahau, na jambo hili linatukosesha raha. Siku mbili simu ya mjomba ilizima chaji na majina mengine yalipotea, na wapo waliotia fedha mkononi mwa mzee msikitini wakaondoka bila kutaja jina. Kama ulitoa na hukujiona hapa, tunakuomba utusamehe kwa ajili ya Mungu. Si dharau, na Yeye aliyeona hasahau. Vilevile tunawaomba radhi wale tuliowajibu kwa ukali au kutowajibu kabisa katika siku zile.

Amana ni amana, kwa hiyo tunaeleza hesabu. Matumizi yote yalikuwa shilingi 8,250,000: kusafisha damu mara 12 ni 2,400,000, upasuaji, vitanda, dawa na vipimo ni 4,450,000, safari, chakula na mengineyo ni 1,400,000. Pikipiki na ng'ombe vilitupa 3,050,000. Ninyi mlitoa 4,700,000. Limebaki deni la 500,000 ambalo tunalilipa wenyewe kila mwezi, na tunaomba mchango usitishwe kuanzia leo. Daftari liko kwa mjomba na kila mwenye kutaka kulitazama anakaribishwa.

Jumamosi ijayo baada ya laasiri kutakuwa na akika ya mtoto na dua ya shukrani nyumbani kwa mzee. Binti yetu bado hajapata nguvu za kusimama kwa muda mrefu, hivyo tunawaomba wageni wamsalimie akiwa ameketi. Na wale walioleta masufuria, mikeka na majamvi wakati wa dua za usiku, vyombo vyenu vimeoshwa na vimepangwa ubarazani, tafadhali msiondoke bila kuvichukua.

Wabillahi taufiq.

Familia, Korogwe