Jahazi lisichorwe kwa kubahatisha

Mhariri,

Mimi ni fundi wa majahazi, mzaliwa wa Matondoni, Lamu. Juzi nilipita duka moja mjini linalouza picha za bahari, za rangi na za kuchapishwa. Moja ilinisimamisha. Jahazi liko safarini, tanga limetuna kuelekea omo, yaani mbele, na bendera ya tezi, kule nyuma ya chombo, inapepea kuelekea nyuma! Pepo mbili katika chombo kimoja. Foromali, boriti ya tanga, nayo haina henza, kamba ya kuipandishia. Sijui tanga lilipandishwa na nani.

Mgeni ataitundika kwao akidhani ndivyo tusafirivyo. Hilo linaniuma sana.

Na si kwamba vipaji hatuna. Kijana mmoja hapa amechora dau limepwelewa, mkuku, uti wa chini wa chombo, umeegemea mchanga, kamba ya nanga imelegea, na uzi wa chumvi umekauka ubavuni pale maji yalipoishia. Niliitazama hata nikahisi harufu ya sifa, mafuta ya papa tunayopaka vyombo.

Willem van de Velde Mkubwa, mchoraji Mholanzi wa karne ya 17, alipanda mashua akaenda kuchora meli vitani, akiziona kwa macho yake. Wetu hawana haja ya kufika huko. Waje bandani kwangu, wakae, washike demani, kamba ya kuongozea tanga, kwa mikono yao.

Mtepe wetu, chombo cha kale kilichoshonwa kwa kamba badala ya misumari na kutwekwa tanga la mkeka, wajukuu zangu wanaujua kwa mifano na michoro tu. Kwa hiyo nawaomba wenye maduka: kabla ya kuchapisha, mwonyesheni nahodha. Hatutawatoza hata senti.

Fundi wa majahazi,
Matondoni, Lamu